SOMO LA WIKI: Faida ya miche hupotea siku ya kuhamisha

Biashara ya miche inavutia wengi wenye mtaji mdogo kwa kuwa haihitaji shamba. Kwa maeneo kama Buguruni, ambako nyumba zimebanana kuanzia Malapa hadi Mnyamani, banda la neti nyuma ya nyumba linatosha kuotesha mamia ya miche ya nyanya na pilipili hoho. Wateja wapo, na soko la mboga liko jirani. Pamoja na hayo, wengi huanza kwa kishindo na baada ya msimu mmoja trei zinabaki kuanikia dagaa.

Mara nyingi lawama huangukia mbegu. Ni kweli mbegu zisizo na lebo ya TOSCI ni kamari, na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ilitungwa kwa ajili hiyo. Lakini hasara kubwa hutokea mbegu ikiwa imeshaota vizuri, pale mche unapotolewa kwenye trei na kupandwa kwenye kifuko.

Tufanye hesabu ya mfano. Una miche 1,000, na kila mmoja umekugharimu shilingi 150 hadi siku ya kuhamishwa. Umetumia shilingi 150,000. Ukiuza yote kwa shilingi 250, faida ni shilingi 100,000. Sasa miche 200 ikifa, mauzo yanashuka hadi 200,000 na faida inabaki 50,000. Imekufa miche ishirini katika kila mia, lakini imeondoka na nusu ya faida. Mwenye duka la sukari hapati hasara ya namna hii, maana kilo iliyobaki leo atauza kesho.

Kinachoua ni nini? Kwanza ni mizizi kukatika. Mizizi midogo myembamba ndiyo inayonyonya maji. Ikibaki kwenye trei, majani yanaendelea kupoteza maji huku mche hauna pa kuyapata. Kwa hiyo mwagilia trei saa chache kabla, sukuma mche kutoka chini utoke na udongo wake, na ushike jani, usishike shina. Jani likichanika litaota jingine. Shina likipondeka, mche huo umekwisha. Nyanya waweza kuifukia hadi karibu na majani ya kwanza, kwani shina lake huota mizizi. Hoho ipande kwa kina kilekile ilichokuwa nacho.

Pili ni joto. Hapa wanaoiga mabanda ya nailoni ya nchi za baridi wanajidanganya. Nailoni huko huzuia baridi. Kwa Dar es Salaam ya Januari na Februari inageuka tanuri. Neti ya kivuli yenye pande wazi ni bora na ni nafuu zaidi. Hamisha jioni, weka kivulini siku tatu au nne, kisha ongeza jua kidogo kidogo huku ukipunguza maji, ili mche ukomae kabla ya kwenda kwa mteja.

Tatu ni maji, na yanaua kwa njia mbili. Yakizidi huleta kinyausi: shina linasinyaa usawa wa udongo na mche unalala chini. Pia visima vingi vya jiji vina chumvi. Ukiyaonja maji ukahisi chumvi, mche nao utaihisi, tena mapema kuliko wewe. Changanya na ya mvua au ya bomba.

Wiki tatu hadi nne tangu kuota, mche wa nyanya unafaa kuondoka. Ukikaa zaidi hurefuka, hulegea, na mnunuzi mzoefu huona mara moja. Hivyo tafuta wateja kabla ya kupanda mbegu, na kwa oda kubwa chukua malipo ya awali. Mteja asiyelipa chochote hana sababu ya kuja siku mliyokubaliana, na mche hauwezi kumsubiri.