Urefu wa Mtutu na Kazi ya Gesi: Faida na Hasara za Kufupisha Bunduki Inayojipakia Yenyewe

Kwa macho ya mwanafizikia, bunduki ni injini. Kama injini ya gari, inayo silinda, ambayo ni mtutu. Inayo pistoni, ambayo ni kichwa cha risasi. Na inayo mafuta, ambayo ni baruti. Tofauti iliyopo ni kwamba pistoni hii hutupwa nje kila mara wala hairudi. Kwa hiyo lile swali ambalo askari wamelirudia tangu zamani, yaani kwa nini mtutu usifupishwe ili silaha iwe nyepesi na rahisi kubeba, haliwezi kujibiwa na fundi mwenye msumeno peke yake. Ni swali la gesi, kanieneo na muda, na jibu likikosewa mpiganaji hubaki ameshika rungu la chuma.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana vizuri, nao ni bunduki ya M1 iliyobuniwa na John C. Garand katika karakana ya serikali ya Springfield, Marekani, na kukubaliwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1936. Ni bunduki inayojipakia yenyewe: kila kifyatulio kinapovutwa hutoka risasi moja, kisha sehemu ndogo ya gesi hutumika kulitupa nje ganda tupu na kuingiza risasi nyingine, bila askari kuvuta komeo kwa mkono. Mtutu wake una urefu wa sentimeta 61. Kichwa cha risasi chenye uzito unaokaribia gramu 10 hutoka mdomoni kwa kasi ya takriban mita 850 kwa sekunde.

Kasi hiyo hutoka wapi? Msomaji aliyekulia karibu na mipapai huenda alipata kuchukua bua la jani la mpapai, akatia punje ya mtama ndani yake na kuipuliza. Bua fupi mno huirusha punje karibu tu, kwa sababu punje imetoka kabla pumzi haijamaliza kuisukuma. Bua refu zaidi huirusha mbali. Lakini likiwa refu kupita kiasi, pumzi huishia njiani, na msuguano wa kuta huanza kuipunguza kasi punje. Hayo yote hutokea ndani ya mtutu, ila kwa kiwango kingine kabisa. Kanuni yake ni moja: kazi ni kani mara umbali. Tukifanya hesabu kwa bunduki ya Garand, ambayo kichwa cha risasi husafiri ndani yake yapata sentimeta 55, tunapata kwamba kani ya wastani ni kama nyutoni 6,500. Ni sawa na uzito wa kilo 650 uliobebeshwa kitu chenye unene wa penseli, kwa muda unaozidi kidogo tu sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Huo, hata hivyo, ni wastani, na wastani unaficha jambo muhimu. Kanieneo ya gesi haiko sawa njia nzima. Hupanda ghafla hadi kilele kichwa cha risasi kikiwa kimesogea sentimeta chache tu, kisha hushuka kadiri nafasi iliyo nyuma yake inavyopanuka. Sentimeta za mwanzo ndizo zenye nguvu nyingi. Za mwisho hufanya kazi kidogo. Sasa tuseme tunaondoa sentimeta 15 za mbele, mtutu ubaki na sentimeta 46. Kasi ya risasi hushuka kwa kiasi cha mita 40 kwa sekunde. Kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi, nishati hupungua kwa karibu asilimia 9. Tumeondoa zaidi ya robo ya njia, lakini tumepoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati. Anayeishia kwenye hesabu hii atasema mara moja: na ukatwe!

Jambo hili lilijaribiwa kweli. Mwaka 1944 Wamarekani walitengeneza bunduki ya majaribio iliyoitwa M1E5, nayo ilikuwa Garand yenye mtutu wa sentimeta 46 na kitako cha kukunja. Ilipopimwa, ulengaji wake katika umbali wa mita 270 hivi ulionekana wa kuridhisha. Kilicholalamikiwa ni mshindo na mmweko wa moto mdomoni, ambao ulizidi mno. Mwaka 1945 maombi ya bunduki fupi yalikuja tena kutoka vita vya Pasifiki, ambako askari walipigana katika misitu minene, na ziliagizwa bunduki 15,000 za aina iliyoitwa T26. Japani ikasalimu amri mwezi wa Agosti mwaka huo, na agizo likafutwa. (Bunduki fupi za namna hiyo zilizouzwa na wafanyabiashara baada ya vita kwa jina la bunduki za askari wa vifaru hazikupata kutumika katika kifaru chochote.)

Mbona mshindo uongezeke, ilhali baruti ni ileile? Kwa sababu nishati haipotei. Kati ya nishati yote iliyomo ndani ya baruti, chini ya theluthi moja ndiyo inayoingia katika kichwa cha risasi. Iliyobaki huupasha moto mtutu au hutoka nje pamoja na gesi. Mtutu ukiwa mfupi, kizibo huondoka wakati gesi ingali na kanieneo kubwa na joto kali, na pengine chembe za baruti hazijamaliza kuungua; hizo humalizikia hewani mbele ya uso wa mpiganaji. Usiku mmweko huo humpofusha kwa muda na kumwonyesha adui mahali alipo. Mchana, mshindo huumiza masikio. Mlio wa mdundo mmoja unaozidi desibeli 140 huhesabiwa kuwa unaweza kuharibu usikivu, na bunduki za kijeshi huvuka kikomo hicho hata zikiwa na mitutu mirefu.

Waingereza walionja haya kwa bunduki yao ya Lee-Enfield namba 5, iliyotoka mwaka 1944 na ambayo baadaye ilibebwa Malaya na hapa Afrika Mashariki, katika misitu ya Kenya, miaka ya 1950. Hiyo haikuwa ya kujipakia, bali ya komeo. Mtutu ulipunguzwa kutoka sentimeta 64 hivi hadi 48, na uzito wote kutoka takriban kilo 4 hadi kilo 3 na robo. Ilibidi ifungwe koni ya chuma mdomoni ili kupunguza mmweko. Tena ilipiga bega kwa ukali, kwa kuwa bunduki nyepesi hurudi nyuma kwa kasi kubwa zaidi kuliko nzito inayorusha risasi ileile. Aliyebebeshwa silaha hiyo kutwa nzima mlimani aliishukuru. Aliyelazimika kuipiga mara nyingi hakuishukuru sana.

Hapa yafaa tuondoe dhana moja iliyoenea, kwamba mtutu mfupi kwa asili hauna shabaha. Shika rula ya plastiki pembeni mwa meza, sehemu ndefu ikining'inia nje, kisha uipige kwa kidole: itatikisika sana. Punguza sehemu iliyo nje, nayo itatikisika kidogo tu. Mtutu nao hutikisika hivyo risasi inapopita, na kupinda kwake hufuata urefu kwa mara tatu za kuzidishwa. Mtutu wa sentimeta 46, ukiwa na unene uleule, hupinda chini ya nusu ya ule wa sentimeta 61 chini ya kani ileile. Kosa la kulenga hutoka kwingine, yaani katika umbali kati ya alama ya kulengea ya nyuma na ya mbele. Katika bunduki ya Garand umbali huo ni sentimeta 71 hivi. Jicho likikosea alama ya mbele kwa milimeta moja, risasi hukosea kwa sentimeta 14 katika umbali wa mita 100. Alama ikirudishwa nyuma kwa sentimeta 15, milimeta hiyohiyo moja huwa sentimeta 18. Aliyelaumiwa ni mtutu, kumbe mwenye kosa ni jicho.

Tumefika sasa kwenye kiini cha mambo. Katika bunduki inayojipakia, mtutu haumsukumi kichwa cha risasi tu. Unaendesha mashine nzima. Katika bunduki ya Garand upo mwanya mdogo karibu na mdomo. Kichwa cha risasi kikishaupita, gesi huingia na kulisukuma fimbo linalofungua komeo. Gesi hii ina kanieneo kamili kwa muda tu ambao kichwa bado kinaziba mbele. Ikiwa kutoka mwanyani hadi mdomoni ni sentimeta 4, muda huo ni kama sekunde 0.00005. Ukiufupisha mtutu, lazima mwanya urudi nyuma, na huko nyuma kanieneo ni kubwa zaidi. Gesi ikizidi, komeo hufunguka mapema na kwa nguvu, ganda likiwa bado limebana chemba. Vyuma huchakaa au kuvunjika. Mwanya ukibaki karibu sana na mdomo, gesi hutoroka kabla haijafanya kazi, na komeo hukwama katikati.

Ndivyo ilivyotokea wakati wa vita vya Vietnam. Bunduki ya M16 ina mtutu wa sentimeta 51. Kwa makomando na marubani ilitengenezwa XM177, ambayo mtutu wake ulikuwa sentimeta 25 tu, na risasi ikapoteza zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Ilifungwa kifaa kirefu mdomoni cha kupunguza mlio na mmweko, na kifaa hicho kilisaidia pia kuzuia gesi ili mashine izunguke sawasawa. Baadaye mtutu uliongezwa hadi sentimeta 29. Ilipofika mwaka 1994, jeshi lilipopokea M4, mtutu wake ulikuwa sentimeta 37. Mwendo huo wa kurudi juu, sentimeta kwa sentimeta, unafundisha zaidi kuliko jedwali lolote.

Wahandisi wenye busara zaidi hawakukata, walibuni upya. Karabini ya M1 ya mwaka 1941 ilikuwa na mtutu wa sentimeta 46, lakini ilipewa risasi yake ndogo yenye baruti kidogo, inayomaliza kuungua ndani ya urefu huo. Waustria, katika AUG yao ya mwishoni mwa miaka ya 1970, walisogeza komeo nyuma ya kifyatulio, ndani ya kitako, wakapata silaha ya sentimeta 79 yenye mtutu wa sentimeta 51 kama wa M16, ambayo yenyewe ina urefu wa karibu mita moja. Bei ya hila hiyo hulipwa na mwenye kutumia mkono wa kushoto: sehemu zisipobadilishwa, maganda ya moto humpita usoni.

Njia ya tatu ni kuongeza kanieneo. Bunduki ya milimeta 6.8 iliyoteuliwa na jeshi la Marekani mwaka 2022 ina mtutu wa sentimeta 33 tu. Risasi yake hufanya kazi katika kanieneo inayofikia paskali milioni 550, kiasi ambacho ganda la shaba nyeupe pekee halikuweza kukihimili, hivyo kitako cha ganda kikatengenezwa kwa chuma cha pua. Na kwa kuwa gesi hiyo yote hutoka karibu na uso wa mpiganaji, bunduki hutolewa ikiwa na kizuia mlio mdomoni. Sehemu kubwa ya sentimeta zilizookolewa kwenye mtutu hurudi kwa mlango huo.