Njia ya Kwenda Kwako: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Ukigombana na Jirani

Kesi za majirani zinazofika baraza la kata mara nyingi hazina mwizi wala tapeli. Zina watu wazima wawili waliozikana na kuozeshana, kisha mmoja akajenga ukuta. Kazi yangu ni usuluhishi. Nimechoka kuona watu wakiuza pikipiki, ng'ombe, na mwisho hicho kiwanja chenyewe, kugharamia ugomvi wa mita mbili ambao karatasi moja ingeuzuia. Nasema hasa na wanaoishi pembezoni mwa miji ya Tanzania, kule Goba, Chanika, Kinyerezi na kwingineko, ambako nyumba zilitangulia na upimaji ukafuata baadaye, au bado unasubiriwa.

KABLA HUJANUNUA

Fanya

Nunua njia pamoja na kiwanja. Itembee kwa miguu kuanzia barabara kubwa hadi unapotaka kujenga, na kila kipande unachokanyaga uliza ni cha nani. Kama njia inapita kwa mtu wa tatu, mtu huyo aje asaini. Muuzaji hana mamlaka ya kumsemea.

Iandike njia kwenye mkataba wa mauziano. Inaanzia wapi, inaishia wapi, ina upana wa mita ngapi, na kwamba itabaki wazi hata kiwanja kikibadilisha mikono. Usikubali chini ya mita 4. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita mbili na nusu, na bado linatakiwa kukata kona. Ukipiga 114 nyumba ikiwaka, halafu gari likakwama kwenye kona ya kichochoro, utabaki na ndoo.

Mke au mume wa anayetoa njia asaini naye. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mama aliyefichwa siku ya mauziano ndiye atakayesimama barazani kesho kusema hakuambiwa. Atakuwa anasema kweli.

Usifanye

Usimwamini dalali anayekwambia, "Njia ipo bosi, hapa tunapita wote." Mnapita wote kwa sababu shamba la mbele halijauzwa. Siku litakapokatwa vipande vya ishirini kwa ishirini, mwenye kipande cha mbele atajenga hadi ukingoni, nawe utakuwa huna hata mstari mmoja wa kumwonyesha. Dalali wakati huo hapokei simu.

Usipime kwa hatua. Hatua za muuzaji hurefuka anapouza na kufupika anapodaiwa. Kanda ya kupimia ipo dukani, inunue.

MPAKANI

Fanya

Mwite jirani kabla fundi hajachimba msingi. Simameni wote wawili mbele ya mjumbe wa shina na mzee mmoja anayekumbuka eneo lilivyokuwa, mwonyeshane pembe zote, muandike, msaini. Msingi wa mawe ukishamwagwa, mazungumzo huwa magumu mara kumi, kwa sababu sasa kuna pesa ardhini.

Wekeni alama. Pwani watu hupanda minyaa na michongoma. Kilimanjaro hupanda masale, na jani hilohilo la sale Mchagga hulipeleka kwa aliyemkosea akiomba radhi. Wazee wa huko walijua kwamba mpaka na msamaha hukaa jirani. Lakini mnyaa ukiachwa hunenepa, kila mmoja akadai ulianzia upande wake. Kwa hiyo wekeni na nguzo ya zege chini yake.

Mkishindwa kuelewana, mwajirini mpima ardhi aliyesajiliwa na mgawane gharama nusu kwa nusu. Ukilipa peke yako, jirani atasema umemnunua, na mtaa utamwamini yeye.

Usifanye

Usiguse bikoni. Hata ukiwa na uhakika kwamba iliwekwa pasipo pake, usiiguse. Kung'oa au kuhamisha alama ya upimaji ni kosa la jinai, na usiku si kificho, mtaa mzima una macho.

Usikate mpaka kwa simu. Simu ya mkononi hukosea mita kadhaa, na mita hizo ndizo mnazogombania. Kijana anayezunguka na simu akisema "hapa ndipo" anawachonganisha tu.

Usiniambie "ardhi ni yangu, nafanya nitakavyo." Kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Ulichonacho ni haki ya kuikalia na kuitumia kwa masharti. Mwenye hatimiliki aitoe kabatini asome masharti yaliyoandikwa ndani yake.

NJIA IKISHAFUNGWA

Hapa naanza na makatazo, maana hapa ndipo watu wenye haki huharibu haki yao kwa siku moja.

Usifanye

Usibomoe ukuta. Najua ulikuwa unapita hapo tangu utoto. Usibomoe. Asubuhi ulikuwa mlalamikaji, jioni utakuwa mshtakiwa wa kuharibu mali kwa makusudi, na jirani aliyekukosea atakaa kituoni akiandikisha maelezo huku wewe umevuliwa mkanda na viatu. Ukitoka, suala la njia hakuna anayelizungumza tena. Linalozungumzwa ni thamani ya tofali.

Usifunge njia ya mwenzako kwa kulipiza, wala kwa kudai deni, wala kwa sababu watoto wake wamekuibia kuku. Niliwahi kusimama kwenye kichochoro ambacho mwenye kiwanja alikifunga kwa ukuta na kupandikiza vipande vya chupa juu yake. Nyuma ya ukuta kulikuwa na msiba. Vijana walitandika magunia na godoro juu ya zile chupa, wawili wakapanda ngazi upande huu na wawili upande ule, na jeneza la bibi wa watu likapitishwa juu, limeinama upande wa kichwa, huku wanawake wakilia na mmoja akimwita mwenye ukuta kwa jina. Alikuwemo ndani, akasikia, hakutoka. Karatasi zake zilikuwa safi na ardhi ilikuwa yake. Alipofiwa yeye, walikuja ndugu zake wa kijijini peke yao. Mtaa haukufika.

Usitukane. Lugha ya matusi ni kesi, na siku hizi kila dirisha lina simu inayorekodi. Usimwite jirani mchawi pia. Sheria ya Uchawi inamwadhibu anayemtuhumu mwenzake kwa uchawi, na zaidi ya sheria, neno hilo limewafanya wanawake wazee wengi katika nchi hii wauawe kwa ajili ya mashamba yao. Anayelitamka katika ugomvi wa ardhi anawasha moto asioweza kuuzima.

Usinyamaze miaka. Madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Watu wanamwachia jirani kwa kuona haya, watoto wanakua, ukuta unaota kuvu, kisha wanakuja kwangu mwaka wa kumi na tano na faili jipya. Haya haisimamishi muda.

Fanya

Nenda mwenyewe, asubuhi, na mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili. Bisha hodi. Salimia kama unavyosalimia siku zote, ulizia wagonjwa, kisha sema unachohitaji na uache alichokukosea: "Kaka, naomba tuzungumze njia. Nahitaji mita nne gari la mchanga lipite." Ukianza na kosa lake, atajibu kosa lako la mwaka juzi, na hamtafika kwenye njia.

Uwe tayari kulipa. Hili watu hawalipendi, lakini njia unayoiomba ni ardhi ya mtu, naye aliinunua. Mpe fidia, au mbadilishane kipande kwa kipande, au mjengee ukuta upande wake mpya. Migogoro mingi niliyoona ikiisha vizuri iliisha kwa pesa ndogo iliyotolewa mapema. Ukichelewa, pesa hiyohiyo inakwenda kwa mawakili.

Weka kumbukumbu. Piga picha njia ilivyokuwa na ilivyo. Andika kwenye daftari tarehe, nani alisema nini, nani alikuwepo. Tafuta stakabadhi za umeme na maji zinazoonyesha tangu lini nguzo na bomba vilipita hapo. Barazani, "tangu zamani" si ushahidi.

Ijue haki yako. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua haki ya kupita kwenye ardhi ya mwenzako. Haki hiyo ikiandikwa na kusajiliwa hufuata ardhi, hata ikiuzwa kwa mtu mwingine. Wenye viwanja vilivyopimwa, kaisajilini. Ambao upimaji wa urasimishaji unapita mtaani kwenu sasa, msikae ndani siku ya kuchora barabara. Anayesusia mkutano huo ndiye anayekuja kulia kwamba amekatwa.

MBELE YA BARAZA

Fanya

Anza kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, kisha baraza la kata. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji. Fahamu kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Lina siku 30. Likishindwa, linakupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, unaweza kwenda wilayani hata bila cheti. Nimeona mtu akizungushwa kwenye kata mwaka mzima akisubiri "hukumu" ambayo baraza hilo halina mamlaka ya kuitoa. Mwenyekiti wa baraza anayemzungusha mwananchi hivyo anamdhulumu, na namwambia waziwazi.

Omba baraza lifike kwenye eneo. Ukuta unaoelezwa kwa mdomo hurefuka. Ukionekana kwa macho, watu hushusha sauti.

Huna pesa ya wakili? Kwenye kata wakili haruhusiwi kukuwakilisha, kwa hiyo hapo mko sawa. Wilayani, mtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imemtambua, na huduma yake ni bure.

Usifanye

Usilete mashahidi waliofundishwa. Wajumbe wa baraza ni watu wa kata hiyohiyo, wanajua nani alihamia mwaka gani.

Usidharau uamuzi wa wilaya kwa kukaa nao mfukoni. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Siku ya 46 utaanza kuomba kuongezewa muda, na utatakiwa kutoa sababu. "Nilikuwa nimekasirika" haimo katika sababu zinazokubaliwa.

KERO ZINAZOANDAMANA NA NJIA

Kwa ufupi, maana hizi mnazijua. Elekeza maji ya bati lako kwenye mfereji, usiyaache yamwagikie msingi wa mwenzako. Usitapishe choo mvua za masika zinapoanza. Kinyesi chako kitaingia kisimani kwa jirani, kipindupindu hakiulizi mpaka, na Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 ipo. Mwite afisa afya wa kata kabla hujaita polisi. Matawi ya mwembe yakivuka, omba kwanza, kata baadaye, na maembe mgawane. Usiegeshe gari kwenye njia ya pamoja "dakika tano tu." Mama mwenye uchungu hana dakika tano.

MKISHAPATANA

Fanya

Andikeni siku hiyohiyo. Mkipeana mikono bila maandishi, kila mmoja ataondoka na makubaliano yake kichwani. Mchoreni mchoro, hata wa mkono, wenye vipimo. Nakala moja kwako, moja kwa jirani, moja ofisi ya mtaa.

Kama hamkupatana, ukashinda wilayani na jirani hataki kufungua, rudi barazani uombe kukazia hukumu. Dalali wa baraza ndiye anayebomoa, kwa amri, mchana. Kushinda kesi hakukufanyi wewe kuwa bomoabomoa.

Waiteni watoto wenu wakubwa, wa pande zote mbili, mkawaonyeshe njia na nguzo zake. Ugomvi mbaya kuliko wote niliousuluhisha ulikuwa wa warithi. Wazee wao walielewana kwa mdomo, wakafa wakiwa marafiki, na msimamizi wa mirathi akauza kiwanja cha mbele pamoja na njia ndani yake, bila nia mbaya, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Watoto wasome makubaliano, waulize maswali, na chini ya majina yenu wasaini nao.