Kutapika ukiwa umefunga: mwili unafanya nini, na dawa zinafanya nini

 

Ramadhani iliyopita tulitoka Kampala asubuhi kwenda Mbale, kumi na wanne ndani ya teksi. Ndugu yetu mmoja alikaa kiti cha nyuma kabisa akawa anasoma darsa kwenye simu. Tulipofika Namawojjolo, wauza kuku wa kuchoma wakazingira madirisha na vijiti vyao, harufu ikajaa garini. Kabla ya Lugazi akaomba kaveera. Alipomaliza kutapika akasema funga yake imeshaharibika, na tuliposimama Lugazi akanunua maji akanywa. Garini kukazuka ubishi: nusu yetu tulisema imeharibika, nusu tukasema bado. Mimi nasomea masomo ya Kiislamu na niliona haya kwamba sikuwa na jibu kamili.

Jioni tulimuuliza ustadhi wetu. Akamwambia ndugu yule ailipe siku ile, lakini kwa sababu ya maji, si kwa sababu ya matapishi.

Msingi wake ni Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Maana yake ni kwamba aliyezidiwa na matapishi halipi, na aliyejitapisha kwa makusudi hulipa. Wanafunzi wa Hadithi wanajua kwamba Tirmidhi mwenyewe amenukuu shaka ya Bukhari juu ya mapokezi haya. Hata hivyo wanazuoni walio wengi wanaifanyia kazi, wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa Uganda tunayafuata, wakiwemo.

Swali langu likawa: mtu "anazidiwa" vipi? Nilimwendea ndugu anayesomea famasia, akanichorea ubongo nyuma ya daftari langu.

Chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna neva zinazopokea habari kutoka pande nne. Ya kwanza ni tumbo lenyewe: likiguswa na sumu au vijidudu, seli za ukuta wa utumbo humwaga kemikali iitwayo serotonini, nayo huamsha neva ndefu inayopanda hadi ubongoni. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni, jambo ambalo lilinishangaza, maana tumezoea kuisikia ikitajwa kwenye habari za huzuni na furaha. Ya pili ni sehemu ndogo ya ubongo ambayo haina ule ukuta mkali unaozuia vitu vya damuni visiingie. Hiyo ni kama askari wa getini, huonja damu, na akikuta sumu hupiga kengele, mara nyingi kwa kemikali ya dopamini. Ya tatu ni sikio la ndani, lenye vifereji vya maji vinavyopima mwendo. Ya nne ni ubongo wa juu: harufu, hofu, kumbukumbu, hata kumwona mwenzako akitapika.

Ndugu yetu wa kiti cha nyuma alipigwa na mbili kwa pamoja. Macho yalitulia kwenye simu yakauambia ubongo kwamba hatwendi popote, huku sikio likisema tunayumba. Kisha ikaja harufu ya kuku. Habari hizo zikizidi kiwango, mwili huanza kazi bila kukuomba ruhusa. Mate hujaa mdomoni na jasho hutoka. Utumbo hugeuza mwendo wake na kurudisha vilivyomo juu kwenye tumbo. Njia ya hewa hufungwa ili matapishi yasiingie mapafuni, kisha kiwambo na misuli ya tumbo hubana kwa nguvu. Zikishafika hapo huwezi kuzirudisha kwa nia, kama usivyoweza kurudisha chafya.

Kwa hiyo nilipolisoma tena neno lile la kuzidiwa nililiona kwa sura nyingine. Anayetia kidole kooni ni tofauti: anagusa neva za koo kwa makusudi ili azae tendo lile lile. Na aliyesoma simu garini akijua kwamba humtibua? Kwa maoni yangu hajajitapisha, maana alikusudia kusoma, ila bora angeiweka mfukoni.

Sasa dawa. Hakuna dawa moja ya kichefuchefu; kila moja hufunga mlango wake. Promethazini huziba vipokezi vya histamini na asetilikolini, kemikali zinazobeba habari za sikio la ndani, ndiyo maana hufaa safarini na ndiyo maana huleta usingizi. Usiimeze kisha uendeshe boda boda. Metoklopramaidi huziba dopamini na kulisukuma tumbo limwage chakula chini. Kwa vijana huweza kukaza misuli ya shingo na uso ghafla, kwa hiyo si dawa ya kujinunulia tu. Ondansetroni huziba serotonini. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1991, na faida yake kubwa imekuwa kwa wagonjwa wa saratani. Taasisi ya saratani pale Mulago ilianzishwa mwaka 1967, hasa kwa ajili ya watoto wenye uvimbe wa Burkitt, na dawa kali walizotibiwa nazo ni sumu ambazo tumbo huzitambua mara moja. Watoto wa miaka ile walizivumilia bila ondansetroni. Lakini kwa safari ya Mbale ondansetroni haikusaidii sana, maana mlango wa sikio hautegemei serotonini.

Na aliyefunga? Kidonge kinachomezwa mchana hufunguza, hilo halina ubishi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilitaja miongoni mwa yasiyofunguza sindano zisizo za lishe, dawa zinazopenya kwenye ngozi, na kidonge cha chini ya ulimi iwapo mtu hamezi kinachofika kooni. Hapa kuna mtego. Ipo ondansetroni inayoyeyuka juu ya ulimi, na wengine huifananisha na kidonge cha moyo cha chini ya ulimi. Si sawa: kidonge cha moyo huingia damuni kupitia mdomo, lakini hii huyeyuka kwenye mate, humezwa, na hufyonzwa tumboni. Naona hukumu yake ni ya kumeza. Kibandiko cha hayosini nyuma ya sikio, ambacho hufanya kazi hadi saa 72, ni ngozi, nacho hakina tatizo.

Anayetapika mfululizo asijikaze. Anapoteza maji na chumvi, naye ni mgonjwa. Aya za funga katika Suratul Baqara zimempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Dada mjamzito anayetapika kila asubuhi yumo humo humo, na amwone daktari kabla ya kumeza chochote.

Kuhusu udhu, kwetu Mashafi hautenguki kwa kutapika, ila matapishi ni najisi, hivyo osha mdomo na nguo. Kwa Mahanafi yakijaa mdomo udhu hutenguka.

Safari ya kurudi, ndugu yetu alimeza promethazini wakati wa daku kwa ushauri wa muuza dawa, akakaa mbele karibu na dereva, simu mfukoni. Alilala tangu Iganga, na tulipopita Namawojjolo tulifunga madirisha.