Somo la Matrekta Madogo kwa Kazi ya Kuni na Mashamba ya Miti

Wasomaji wetu wa Ihanda, na wa Mbozi nzima, wajua sana kwamba katika kazi ya kuni taabu kubwa ni kuzileta nyumbani. Mti huangushwa kwa muda mfupi, lakini mzigo wake hubebwa kichwani na kina mama siku nyingi, au huvutwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kwa hiyo mtu aonapo trekta dogo likipita katika njia ya Vwawa au ya Tunduma, na tela yake imejaa magogo, hutamani naye awe nalo. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini kwa watu wengi trekta ni mali ya mkopo, na deni halingoji mti ukue. Basi twapenda kueleza hapa jinsi ya kuchagua trekta lifaalo, na jinsi ya kulitumia bila kuumiza mtu wala kuharibu shamba la miti.

Nchi yetu ilikwisha kupata fundisho kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1947 ulianza mpango wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, nao ulikusudia kulima eka 3,210,000. Mashine nyingi zilizoletwa zilikuwa masalio ya vita vya 1939 hadi 1945, na nyingine zilifanyizwa kutoka katika vifaru. Ardhi ya Kongwa iliposhikwa na kiangazi ikawa ngumu mno, vyuma vikalika, mizizi ya vichaka ikavunja majembe, na vipuri na mafundi havikutosha. Mwezi wa Januari 1951 mpango huo uliachwa, na hasara yake ilipita pauni milioni 30. Nguvu za mashine zilikuwa nyingi, lakini zilitangulia kuja kabla watu hawajapima udongo, mvua na mafundi. Tena, baada ya wito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, matrekta madogo ya magurudumu mawili, ambayo watu huyaita pawa tila, yaligawanywa katika wilaya nyingi. Mahali penye mashamba ya mpunga na mafundi wa karibu yalifanya kazi njema. Lakini baadhi yalisimama chini ya miti kwa kukosa vipuri na madereva waliofundishwa. Basi tupime kwanza, ndipo tununue.

Aina zifaazo kufikiriwa ni mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo pawa tila. Injini yake ni ya dizeli, kwa kawaida ya nguvu za farasi 12 hadi 15. Dereva huishika kwa mikono miwili, na ifungwapo tela huketi mbele ya tela hiyo. Bei yake ni ndogo kuliko ya trekta la magurudumu manne, hunywa mafuta kidogo, na fundi wa pikipiki mwenye akili aweza kujifunza matengenezo yake upesi. Udhaifu wake ni kwamba ni nyepesi. Katika mteremko mkali mzigo huishinda, na katika tope huteleza. Ya pili ni trekta dogo la magurudumu manne, la nguvu za farasi 20 hadi 50. Hilo huvuta magogo mazito na kulima udongo mgumu, lakini bei na vipuri vyake vyataka mfuko mkubwa. Wala tusimsahau ng'ombe. Watu wa Mbozi wamezoea kulima kwa maksai tangu zamani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwapo mradi maalum wa kuendeleza kazi ya maksai katika Mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na nchi hii ya Songwe. Kwa mtu mwenye eka moja au mbili za miti karibu na nyumba yake, maksai wawili na mkokoteni mzuri ni bora kuliko deni.

Sasa na tufanye hesabu, nayo mwalimu aweza kuwapa watoto wa darasa lake. Tuseme mtu ana eka 7 za mikaratusi, naye akata eka 1 kila mwaka, ili atakapomaliza eka ya saba ile ya kwanza iwe imekua tena miaka 7. Tuseme eka hiyo yampa mita 60 za ujazo za kuni zilizopangwa. Mita moja ya ujazo ya kuni mbichi za mkaratusi yaweza kuwa na uzito wa kilo 650 hivi, nao ni mzigo wa kutosha kwa tela ya pawa tila katika njia ya milima. Basi zitakuwa safari 60. Akienda safari 4 kwa siku, kazi imekwisha kwa siku 15. Je, siku 350 zilizobaki trekta litafanya nini? Likikaa bure mpira wake huoza, betri hufa, na deni laendelea kula riba. Hapo ndipo twaona kwamba kuni za mtu mmoja hazitoshi kulisha trekta.

Iko njia moja ya kupata nguvu bila kununua, nayo ni jua. Kuni mbichi zina maji mengi sana. Zikikatwa mwezi wa Mei mvua zinapokwisha, zikapasuliwa na kupangwa juu ya magogo mawili ili zisiguse ardhi, upepo upite katikati, mpaka Septemba zitakuwa zimepungua uzito kwa thuluthi moja hivi. Yaani kilo 650 zitakuwa kilo 430, na mtu akiinua mbao za kando za tela yake, safari 60 zitakuwa safari 40. Tena kuni kavu hutoa moto mwingi na moshi kidogo, na mnunuzi hazikatai. Lakini zisiachwe mpaka Novemba, maana mvua zikishika, magurudumu huchimba mifereji, na udongo wa shamba hushindiliwa hata mizizi ikakosa hewa.

Shamba la miti nalo lapasa kupangwa kwa ajili ya trekta tangu siku ya kupanda. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, eka moja huchukua miti 640 hivi. Ni vizuri kupunguza kidogo, na kuacha njia ya upana wa mita 4 baada ya kila mistari kadhaa, ili trekta lipite njia hiyo tu na lisizunguke kila mahali. Mkaratusi ukikatwa huchipua, nao ni utajiri usiotaka mche mpya; bali msindano hauchipui, aukataye hana budi kupanda tena. Basi kisiki cha mkaratusi kikatwe chini, kwa mwinamo ili maji yasituame, na gogo lisiburutwe juu yake. Gogo likichubua ganda la kisiki, machipukizi hayatoki au hutoka dhaifu, na mwenye shamba amepoteza miaka 7 kwa sababu ya mnyororo mmoja. Machipukizi yakifika urefu wa mtu, yaachwe mawili yenye nguvu, mengine yakatwe. Tena mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi wala mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za watu, au zile ziwezazo kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Twaja sasa kwenye jambo lililo kubwa kuliko fedha, yaani uhai wa watu. Kwanza, trekta la magurudumu manne livutapo gogo, mnyororo ufungwe katika kiungo cha chini cha kuvutia, wala usifungwe juu ya ekseli. Ukifungwa juu na gogo likanasa katika kisiki, magurudumu ya mbele huinuka, na trekta humwangukia dereva kabla hajapata nafasi ya kuruka. Afadhali kununua trekta lenye chuma cha kinga juu ya kiti. Pili, katika mlima, trekta lipande au lishuke moja kwa moja, lisikate mteremko kwa ubavu. Lishuke kwa gia ndogo, wala dereva asitie frii ili kuokoa mafuta. Tatu, mwenye pawa tila ajue siri hii: katika tambarare akibana klachi ya mkono wa kushoto, mashine huenda kushoto, lakini katika mteremko mkali, tela inapoisukuma kutoka nyuma, akibana ya kushoto yaweza kwenda kulia. Asiyefundishwa jambo hili hupotea njia hapo hapo anapotaka kujiokoa. Kwa hiyo kabla ya kushuka apunguze mwendo, na katika kuteremka aongoze kwa nguvu za mikono, si kwa klachi. Nne, mhimili unaozunguka nyuma ya trekta kwa kuendesha msumeno ufunikwe daima, na mtu mwenye khanga au koti lililolegea asiukaribie. Tano, watoto wasipande juu ya mzigo wa kuni.

Wenzetu wa Ihanda wana hatari moja zaidi, maana barabara kuu iko mlangoni pao. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita humo usiku na mchana. Tela ya kuni isiyo na taa haionekani gizani mpaka lori limefika. Basi tela iwe na vibao vyekundu vya kuakisi mwanga nyuma na kando, magogo yasitokeze, na jua likizama trekta liwe limekwisha kufika nyumbani. Kabla ya kupeleka kuni au nguzo sokoni, mwenyewe aende kwa afisa misitu aulize habari za vibali, maana mti wa shamba lako wenyewe nao una taratibu zake ukiwa safarini.

Tena yafaa kutazama mbele juu ya wanunuzi. Mwaka 2023 Serikali iliagiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Na mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Basi anayekopa trekta akitegemea kuuza kuni kwa shule miaka mingi, ajenga juu ya mchanga. Shamba lake litoe pia mirunda, nguzo na mbao; na trekta lake lichukue kahawa wakati wa mavuno, mahindi, mbolea, matofali na maji.

Shauri letu, basi, ni kwamba watu kumi hivi wenye mashamba ya miti yaliyo jirani wanunue pawa tila moja kwa umoja wao. Kila mmoja akiwa na safari 40 za kuni kavu, yaani siku 10, hizo ni siku 100 za kazi ya kuni peke yake, na siku nyingine ni za mazao na za kukodisha. Wamteue dereva mmoja aliyefundishwa, asiwe kila mtu dereva. Kila siku ya kazi iandikwe: mafuta, oili, safari, na aliyetumia. Sehemu ya malipo iwekwe akiba ya vipuri na ya mashine ijayo, hata kama mwenye kulitumia ni mwenyekiti. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ninyi wazee, wenyeviti wa vijiji na walimu, mtu akija kwenu kutaka shauri, mwulizeni maswali haya manne. Una eka ngapi za miti, na kila mwaka utakata ngapi? Njia yako ina mteremko gani? Fundi na vipuri viko umbali gani kutoka kwako? Na siku ambazo hakuna kuni, trekta litakula kwa kazi gani? Akiweza kuyajibu yote kwa hesabu iliyoandikwa, mwacheni anunue. Akishindwa hata moja, mwambieni akodi msimu mmoja kwanza, aandike gharama na mapato, kisha arudi na daftari lake.