Kutoa Shafti ya Mashine ya Posho

Wanakikundi, mashine ikianza kunguruma na mahali pa beringi pakichoma mkono, tusingoje ivunjike. Kwanza tuzime injini. Kama ni ya stima, tuchomoe fyuzi tuiweke mfukoni. Tutoe mkanda, tufungue kifuniko, tutoe chekeche. Nyundo za ndani tuzitie alama kabla ya kuzitoa. Zikirudi zimechanganyika, uzito hautalingana, mashine itatetemeka na beringi mpya itakufa upesi. Puli na beringi tuzivute kwa kile kifaa mafundi huita pula. Tusigonge ncha ya shafti kwa nyundo ya chuma. Ikipinda hata kidogo, tulikuja kununua beringi, tutanunua na shafti. Akiba ya kikundi itakwenda hapo.

Tujadiliane: pula tutaazima kwa nani?