Kujitreat: Je, Ni Dhambi?
Somo: Nehemia 8:9-12

Siku hizi mshahara ukiingia tu, unasikia, "Leo najitreat!" Dada mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Pastor, nikijinunulia kuku na soda mwisho wa mwezi, nikule peke yangu, nimekosea?" Nikamwambia la. Lakini hilo neno tulichunguze.

Kwa Kiingereza, treat ni kumtendea mtu. Pia ni kumtibu mgonjwa. Tena ni kumwalika mtu ale, wewe ndiwe unalipa. Kote huko kuna watu wawili. Ukiweka -ji- hapo katikati, wawili wanakuwa mmoja.

Msidhani Mungu anachukia chakula kitamu. Kumbukumbu la Torati 14, Mwisraeli aliyekaa mbali aliambiwa auze zaka yake, aende na pesa mahali pa ibada, anunue chochote roho yake inatamani, ale na nyumba yake wakifurahi. Ati zaka! Lakini aya ya 27 inasema Mlawi asiachwe. Naye Eliya alipochoka hadi akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena (1 Wafalme 19). Huko ndiko kutibiwa. Wewe mama unayepakulia kila mtu halafu unabaki na ukoko, hiyo si utakatifu. Keti ule.

Katika somo letu watu walikuwa wanalia, wamesikia Torati. Wakaambiwa wakale vinono, wanywe vitamu, na wampelekee sehemu yule ambaye hana kitu. Amri ni moja, sahani ni mbili.

Sasa mlinganishe na yule tajiri wa Luka 12. Anaongea na nani? Na nafsi yake! Hakuna mke, hakuna mfanyakazi, hakuna jirani. Mimi naona hapo ndipo shida ilianzia, hata kabla ya ghala.

Kwa hivyo dada, hiyo kuku kula. Lakini kama ni ya mkopo wa simu na karo ya mtoto haijalipwa, hapo hujajitreat, umekula deni.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani, kila mtu aje na jibu: mara ya mwisho ulipojitreat, sahani ya pili ilienda kwa nani?