Gorogoro Nzima

Somo la ushirika wa nyumbani
Kusoma: Kumbukumbu la Torati 25:13–15, Ayubu 2:1–10

Wiki jana kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii integriti tunaskia kila siku kwa redio ni nini hasa? Ni kutoiba tu?" Nilimjibu haraka haraka, halafu usiku nikaona jibu langu lilikuwa dogo.

Waingereza walilitoa neno hili kwa Kilatini, integer, yaani kitu kizima, kisichoguswa, kisichomegwa. Waliosoma hesabu sekondari wanakumbuka namba zinazoitwa hivyo hivyo, namba nzima zisizo na vipande. Kumbe neno halikuanzia ofisini wala kwa kesi za ufisadi.

Kiswahili kilipitia njia nyingine. Uadilifu umetoka kwa Kiarabu, adl, haki na usawa. Katika lugha hiyo, neno la mzizi huo huo hutaja mzigo wa upande mmoja wa ngamia, unaolingana na ule wa upande wa pili. Sura ya Sita ya Katiba yetu ya 2010 inadai uadilifu kwa viongozi, na ni vizuri. Lakini tangu hapo tukiskia integriti tunamfikiria mheshimiwa, si sisi wa Kayole na Umoja.

Sasa Ayubu. Mali imeenda, watoto wamekufa, ngozi imejaa majipu, na mkewe anamuuliza kama bado anashikilia utimilifu wake. Kwa Kiebrania neno ni tumma, ukamilifu, na Biblia ya King James ya 1611 iliandika hapo integriti. Angalia: mtu hana kitu kizima mwilini wala nyumbani, na bado kuna kimoja kwake hakijamegwa.

Ile Torati 25 ndiyo ilinishika mimi. Musa anakataza kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Jiwe la kupimia analotaka liwe la haki, na pia liwe shelema, zima. Ni mzizi ule ule wa shalom.

Niwaambie ukweli. Miaka niliyouza mahindi na maharagwe kando ya barabara, nilikuwa nimeokoka tayari na naimba kwaya. Gorogoro yangu niliinunua ikiwa imegongwa kitako, kimeingia ndani. Ukiitazama kwa nje ni mkebe wa kilo mbili kama mingine, na ukijaza hadi juu mteja anaona imefurika. Nilijiambia kila mtu anafanya hivyo, na rent inangoja. Nilitoa zaka ya faida ile bila kukosa hata mwezi mmoja.

Siku moja mama mmoja wa kanisani kwetu, mjane, alinunua gorogoro mbili za maharagwe. Kesho yake akarudi, hakunigombeza. Alisema tu, "Ndugu, nimepimia nyumbani na mkebe wangu. Labda yalimwagika njiani." Alijua hayakumwagika. Nami nilijua anajua.

Nilijaribu kukigonga kile kitako kirudi. Bati likishabonyezwa halirudi sawa, linabaki na mawimbi. Nikanunua nyingine nzima. Mwezi ule nilichelewa kulipa nyumba na wateja wawili wakahamia kwa jirani aliyekuwa na bei ya chini (na mkebe wa aina ile ya kwanza). Yule mama nilimrudishia maharagwe yake na ya juu, nikimkumbuka Zakayo wa Luka 19. Wengine wengi sikuwajua majina, na sijui nitawarudishia wapi. Hilo bado naliombea.

Yule kijana aliniuliza kama integriti ni kutoiba tu. Mimi sikuwahi kuingiza mkono kwa mfuko wa mtu.

Jumatano ijayo tutasoma Amosi 8:4–6. Wenye vibanda, njooni na gorogoro zenu. Mimi nitakuja na ile yangu ya zamani, bado ninayo.